Mshenga Aje kwa Baiskeli: Mwongozo wa Kutazama Filamu na Mwanao

Mwite mtoto wa miaka kumi na minne, umwambie, "Kaa hapo tuzungumze." Hata hujafungua mdomo, ameshajua ana kesi. Atainamisha kichwa, atajibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama" mpaka umruhusu aondoke, na utabaki na yale yale uliyokuwa nayo. Wazee walilijua hili, ndiyo maana mambo mazito hawakuyapeleka uso kwa uso, walimtuma mshenga. Filamu inaweza kuifanya kazi hiyo sebuleni kwako. Mnakaa bega kwa bega, mnawatazama watu wengine wakigombana na kupatana, na maneno ambayo mtoto asingethubutu kuyasema juu yako anayasema juu ya baba wa kwenye filamu.

Lakini mshenga huchaguliwa. Wengi wetu tukitafuta filamu ya kutazama na watoto tunataka yenye mafunzo, na kwa mafunzo tunamaanisha ile ambayo mtoto mkaidi mwishoni anakipata alichokuwa anakitafuta. Mtoto si mjinga. Dakika ya kumi ameshaelewa kwa nini leo mzazi kapata moyo wa kutazama filamu. Mimi nakushauri kinyume: chagua filamu ambayo anayekosea ni mzazi. Awe anampenda mwanawe, au angalau alipaswa kumpenda, kisha akosee. Hapo mtoto anapewa kiti cha hakimu, nawe unaisikia hukumu bila kutajwa jina.

Nitakupa filamu nne. Hadithi zake ni za Italia, Malawi, Ubelgiji na Saudi Arabia, ya zamani zaidi na ya karibuni zaidi zikiachana kwa miaka zaidi ya sabini, na zote nne zimeweka baiskeli katikati ya mzazi na mtoto. Siioni kuwa ni ajabu. Mtu mzima anaitegemea baiskeli kwa riziki, mtoto anaiota kwa kujiachia, kwa hiyo ugomvi juu yake hauwi mdogo.

Kabla hamjakaa

Itazame kwanza peke yako, mpaka mwisho. Unataka kujua mapema ni wapi patauma, maana si kila nyumba inaumia mahali pamoja. Faida nyingine ni kwamba siku ya kutazama na mtoto hutakuwa mateka wa hadithi. Utaweza kuona ni wapi ameacha kutafuna bisi.

Lugha isikutishe. Filamu hizi zinazungumza Kiitaliano, Kichewa, Kifaransa na Kiarabu, na maandishi ya chini mara nyingi ni ya Kiingereza. Sisi tuna dawa ya zamani. Kwenye mabanda ya video Tanzania watu walimfuata Lufufu kuliko walivyomfuata steringi mwenyewe. Kenya kuna DJ Afro, na Uganda kuna ma-VJ wake. Kazi yao ni kutia maneno ya kwetu kwenye midomo ya wageni, na chumvi juu. Mpe mtoto mkubwa kazi hiyo kwa ajili ya wadogo zake. Au fanya hivi: chagua onyesho la dakika mbili, zima sauti, umwachie mtoto amwigize baba na mama jinsi anavyodhani wanasema. Jiandae. Maneno atakayomtia baba wa kwenye filamu kinywani mara nyingi ni yale anayoyasikia jikoni kwenu, na kwa sauti ile ile.

Rimoti mpe mtoto. Awe na mamlaka ya kusimamisha, kurudisha nyuma na hata kuzima kabisa. Simu zote ziwekwe chumba kingine, ya kwako ikitangulia. Na kama mtaa wenu umeme una tabia ya kukatika jioni, fanyeni Jumamosi mchana. Filamu iliyokatika kwenye kilele hairudi na joto lake.

Sahani badala ya samahani

Anza na Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Mtoto atanung'unika kwa dakika tano kisha atasahau. Ni Roma baada ya vita, kazi hakuna. Antonio Ricci anapata kibarua cha kubandika mabango ukutani, kwa sharti awe na baiskeli. Yake iko rehani, kwa hiyo mkewe, Maria, anakusanya mashuka ya nyumbani na kwenda kuyaweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibwa. Kinachobaki ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wakiuzunguka mji kuitafuta.

Mwambie mwanao mapema kwamba hao wawili hawakuwa waigizaji. Lamberto Maggiorani, aliyecheza kama baba, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na Enzo Staiola, aliyemcheza Bruno, ni mtoto ambaye De Sica alimwona mtaani. Kisha mwelekeze atazame miguu. Antonio ana hatua ndefu. Bruno anatembea kidogo, anakimbia kidogo, anainua macho kuangalia uso wa baba yake, anakimbia tena. Kuna nyakati baba anasahau kabisa kwamba anafuatwa. Mtoto mdogo anaweza kuwa hana la kusema juu ya umaskini wa Italia, lakini juu ya kuachwa nyuma na mtu mwenye miguu mirefu ana mengi.

Kisha likaja kofi. Bruno anamlaumu baba yake kwa kumwachia mzee mmoja, anayejua habari za mwizi, apotee mikononi mwao. Antonio, aliyechoka na kukasirika, anamnasa kibao. Bruno analia na kukataa kutembea karibu naye. Baba anamwambia amsubiri darajani. Muda mfupi baadaye zinasikika kelele mtoni: kuna mtu anazama. Antonio anakimbia akiita jina la mwanawe. Aliyezama ni kijana mwingine, na Bruno yuko juu ya ngazi, mzima. Baba hasemi samahani. Anamwuliza kama ana njaa, anaangalia pesa alizobaki nazo, na anampeleka kwenye mgahawa ambao si wa hadhi ya mfuko wake. Bruno anashika kwa mikono kipande cha mkate wa kukaanga chenye jibini inayovutika mpaka inamshinda, na kila mara anageuka kumtazama mtoto wa meza ya matajiri anayekula kwa kisu na uma. Baba, mvinyo ukishamchangamsha, anampa penseli apige hesabu ya mshahara ambao wangeupata.

Simamisha hapo. Uliza swali moja tu: huyu baba ameomba radhi, au hajaomba?

Majumbani kwetu swali hili lina meno. Ni wangapi tumechapwa asubuhi bila kosa, na jioni tukaona kipande cha nyama kilichoangukia sahani yetu ni kikubwa kuliko cha wengine, au baba akarudi na chipsi mayai kwenye mfuko wa plastiki bila kusema za nani? Tulielewa. Lakini kuelewa hakukuwa sawasawa na kuambiwa, na mtoto wa leo huenda akakusema hilo waziwazi kupitia kwa Bruno. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama, mbona hasemi tu samahani?"

"Wewe unaonaje?"

"Anaona haya. Si yeye ndiye baba?"

"Na Bruno je, amemsamehe?"

"Anakula. Lakini anamwangalia yule mtoto mwingine."

Basi, liache hapo hapo. Ukihisi ulimi unakuwasha kuongeza "unaona, na sisi wazazi tuna shida zetu," ung'ate. Mtoto ameshaliona, na ukilisema wewe linageuka kujitetea.

Mwisho wa filamu usiusimamishe. Antonio, amekata tamaa, anamwambia Bruno apande tramu atangulie, kisha anaiba baiskeli ya mtu. Bruno ameikosa tramu. Anamwona baba yake akikimbizwa, akikamatwa, akipigwa na kutukanwa mbele za watu. Mwenye baiskeli anamwangalia mtoto anayelia huku ameling'ang'ania koti la baba, na anaamua kumwachia. Wanaondoka ndani ya umati, baba machozi yanamtoka, na Bruno anamshika mkono. Kama kuna kipindi ambacho mwanao alikuona ukidhalilika, kwa mwenye nyumba, kwa askari, kwa bosi, usishangae akikaa kimya muda mrefu baada ya hapa. Kaa kimya naye.

Baba anaposema hapana

The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka 2019 itawafaa zaidi wenye watoto wa miaka kumi na kuendelea, hasa nyumba zenye shamba. Chiwetel Ejiofor ameiongoza mwenyewe na kumcheza Trywell Kamkwamba, mkulima wa mahindi wa Malawi wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwanawe William, anayechezwa na kijana wa Kenya, Maxwell Simba, amefukuzwa shule kwa kukosa karo, anajipenyeza maktaba, na kitabu kimoja cha masuala ya nishati kinampa wazo la kujenga kinu cha upepo. Anahitaji baiskeli ya baba yake aikate. Ni karibu mali ya mwisho iliyobaki nyumbani. Baba anakataa, anavunja hata kile kinu kidogo cha majaribio, na kumrudisha kijana kwenye jembe.

Hadithi ni ya kweli, na kila mtu anajua William alishinda. Hapo ndipo mtego ulipo: mtoto atamwona baba ni mpumbavu na wewe utatikisa kichwa kukubali. Msikubali upesi hivyo. Badilishaneni upande. Wewe mtetee William, mtoto amtetee Trywell. Mwache atafute hoja: mavuno hayapo, chakula ni mlo mmoja kwa siku, dada mtu anataka kuondoka, na hapa amesimama kijana wa miaka kumi na kitu anataka kuikata baiskeli kwa sababu ya kitabu alichosoma. Nani angekubali? Mtoto akishatafuta hoja za baba kwa kinywa chake, wewe huna haja ya kumhubiria juu ya ugumu wa maisha. Na wewe ukilazimika kumtetea William kwa dhati, utakumbuka ni vitu gani ulivyomvunjia mwanao kwa sababu tu hukuvielewa.

Msimsahau Agnes, mama. Ndiye anayemwendea mumewe na kumtaka afikiri upya. Ulizaneni nyumbani kwenu kazi hiyo anaifanya nani, na akisafiri inakuwaje.

Kwa nyumba ambayo mzazi mmoja hayupo

Hii ya tatu si ya kila mtu. The Kid with a Bike ya ndugu Jean-Pierre na Luc Dardenne, ya mwaka 2011, ni fupi, dakika 87, na ina ukali wake: kuna kijana mhuni anayemtumia mtoto kwenye uporaji, na kuna watu wanaopigwa kwa gongo. Naiweka kwa watoto wa miaka kumi na mitatu na zaidi.

Cyril ameachwa na baba yake kwenye makao ya watoto. Anaamini baiskeli yake imeibwa, kwa maana baba hawezi kuwa ameiuza. Kumbe ameiuza. Mwanamke mmoja msusi, Samantha, anainunua tena na kumrudishia, na tangu hapo mtoto anakaa kwake mwisho wa wiki. Wanampata baba, anafanya kazi jikoni kwenye mgahawa. Faraghani anamwambia Samantha kwamba hataki kumwona tena mtoto. Samantha anakataa kuwa mbebaji wa habari hiyo. Anamlazimisha baba amwambie Cyril mwenyewe. Garini, wakirudi, mtoto anajikwaruza uso na kugonga kichwa. Samantha anasimamisha gari, anamkumbatia.

Sisi tungesema, "Baba amesafiri." Tunasema hivyo kwa huruma, na miaka inapita, na mtoto anaendelea kusubiri mlangoni kila sikukuu. Sidai kwamba njia ya Samantha ndiyo sahihi kwa kila mtoto. Wa miaka mitano si wa miaka kumi na mitatu. Lakini kama nyumbani kwako kuna "safari" ya namna hiyo, amua kabla ya kuiweka filamu hii ni ukweli kiasi gani uko tayari kuutoa, kwa sababu utaulizwa. Usipokuwa tayari, iache kwanza.

Walezi, mama wa kambo, baba wa kambo, mashangazi mnaolea: hii ni yenu kuliko ya wazazi. Rafiki wa kiume wa Samantha anamtaka achague, yeye au mtoto. Anamchagua mtoto aliyemfahamu juzijuzi tu, na filamu haielezi kwa nini. Waulize watoto wanadhani ni kwa nini. Majibu yao yatakwambia wanavyojithamini.

Jina kwenye mti

Wadjda ya Haifaa al-Mansour, ya mwaka 2012, ni filamu ndefu ya kwanza iliyopigwa yote Saudi Arabia, na mwongozaji ni mwanamke. Kwenye mitaa ya Riyadh ilimbidi aongoze akiwa ndani ya gari, kwa simu ya upepo, maana asingeweza kuchanganyika hadharani na wanaume wa kazini. Binti wa miaka kumi anaitaka baiskeli ya kijani ya riali 800 ili ashindane na rafiki yake Abdullah. Mama hataki kusikia. Shuleni kuna mashindano ya Kurani yenye zawadi ya riali 1,000, kwa hiyo Wadjda, ambaye hakuwa mtoto wa dini sana, anaingia kambini. Watoto wa chuoni Mombasa na Unguja hawahitaji kuelezwa mashindano hayo ni nini. Watacheka kabla yako.

Onyesho la kulitazama kwa karibu ni dogo. Sebuleni kuna mchoro wa mti wa ukoo wa baba, una wanaume tu. Wadjda anaandika jina lake kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya jina la baba yake. Baadaye anakuta kimebanduliwa. Hakuna aliyemfokea, na baba huyu si katili. Huja nyumbani, hutania, huleta kicheko. Baada ya hapo chukueni karatasi mchore mti wenu. Mtoto aandike anaowajua, nawe ujaze. Angalia upande wa akina bibi unakwama wapi. Kama wewe mwenyewe huyajui majina ya mama zake bibi, mpigieni simu shangazi usiku huo huo. Ni simu bora kuliko ya kuombana pesa.

Mwisho sitausimulia wote. Itoshe kwamba mama anayo fedha aliyokusudia kununulia gauni jekundu ili amrudishe mume anayeoa mke mwingine, na anaamua vingine.

Baada ya filamu

Usiulize, "Umejifunza nini?" Swali hilo ni la darasani na mtoto ana majibu yake tayari: tuwaheshimu wazazi, uvumilivu ni mzuri, wizi ni mbaya. Ukishapewa hayo mlango umefungwa. Uliza kitu kinachoshikika. Ni wapi ulimchukia baba? Nani alijua kwamba Bruno ana njaa? Ungekuwa wewe, ile baiskeli ungeificha wapi? Kisha toa chako kwanza: mwambie babu yake alivyokuwa akikasirika, alivyokuwa akipatana, na wewe ulikuwa unajificha wapi. Watoto wengi hawajawahi kumwona mzazi wao akiwa mtoto wa mtu.

Maneno yakigoma kutoka usiku huo, yaache. Mara nyingi hutoka siku ya tatu, mkiosha vyombo au mkiwa kwenye daladala, mikono au macho yakiwa na kazi nyingine.

Kuna siku jibu litakuwa zito kuliko ulivyotaka. Mtoto anaweza kusema kupitia Cyril au Bruno kwamba kuna mtu anamdhuru. Usimhoji kama polisi, usimwahidi siri, usikimbilie kumpigia huyo aliyetajwa. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, kisha tafuta msaada. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina namba ya bure ya msaada kwa mtoto, 116.

Wanaotaka filamu ya kwetu na ya Kiswahili, iko Supa Modo ya Likarion Wainaina, Kenya, 2018. Jo ni mtoto wa miaka tisa ambaye hatapona. Mama anataka kumlinda ndani, dada mtu anataka acheze, na kijiji kizima kinakula njama ya kumfanya aamini ana nguvu za ajabu. Ni tamu na inaliza. Nyumba yenye msiba mbichi isiiguse.

Na kama mtoto ni wewe, mwenye miaka arobaini, na mzazi ndiye mgeni aliyetoka kijijini kukaa kwako wiki mbili, basi kuna Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, 1953. Wazee wawili wanatoka Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mmoja ni daktari, mwingine ana saluni, wote wana shughuli, na mwishowe wanawachangia wazee pesa za nyumba ya wageni huko Atami ili wasiwe njiani. Anayeomba ruhusa kazini awatembeze ni mkwe, mjane wa mwana wao. Ozu ameiweka kamera chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa mkekani. Hii usiitazame na mzee. Itazame kabla hajafika, halafu uiangalie upya ratiba yako.

Mkimaliza moja kati ya hizi, zamu ya kuchagua ni ya mtoto. Atakuletea ngumi, mazombi, au tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili yenye sehemu mia na zaidi. Kaa uitazame kwa heshima ile ile uliyoidai kwa De Sica. Uliza steringi ni nani, na adui anataka nini. Ukichoka sema umechoka ukalale, mtoto hatakasirika. Atakasirika akigeuka kukuonyesha onyesho analolipenda na kukukuta unachati.